Mwizi wa Kambi ya Vipaji

Mwalimu Walburga Kapinga wa Maguu hakuwa mtu wa hasira za karibu. Mtu aliyefundisha shule ya msingi miaka yote ile, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati la wawili, amekwisha kujifunza kumeza mambo. Alimeza mshahara kuchelewa. Alimeza ule wimbo mpya wa soko huria na kuchangia gharama, ulioletwa na watu ambao wenyewe walisomeshwa bure mpaka wakavaa tai. Lakini siku ile ya Juni alipomwona mwanafunzi wake Tadea akishuka kwenye lori la kahawa, mkeka kichwani, macho yamevimba, na kambi ya vipaji ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, kitu kilimkaa kooni kikakataa kushuka.

Nianze na Walburga mwenyewe, ili hasira yake isije ikaonekana ya bure.

Alizaliwa huko huko Maguu, kwenye milima ambayo mashamba yake yamesimama wima, na ukiteleza juu unajikuta kwa jirani. Udongo wa mahali kama hapo ungekwisha kwenda ziwani zamani kama si ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba, halafu wanawake huja na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo, likabaki shimo la kukamata maji ya mvua. Ukiangalia mlima kutoka ng'ambo unaona mashimo yamepangana kama sega la nyuki.

Kazi hiyo hakuna mwanamke anayeimaliza peke yake. Wanaitana, wanapanga mstari, leo kwangu kesho kwako, na wenyewe wanaita ngokela. Sheria yake mtoto wa kike anaijua kabla hajajua kuhesabu. Ukimaliza shimo lako hukai chini kujipepea. Unakwenda kwa mwenzako aliyebaki nyuma, unaanzia upande wa mwisho, mnakutana katikati. Humuulizi kama anataka msaada, maana kumuuliza ni kumtangazia kwamba umeona ameshindwa. Na hakuna anayefuta udongo kwenye jembe lake mpaka mstari mzima umemaliza.

Basi Walburga alikua hivyo. Alipotoka chuo cha ualimu alipelekwa Kihagara, chini ziwani, akajifunza kula usipa, dagaa wa huko, na kujua Kinyasa cha kutosha kugombana sokoni. Mama yake alipougua akaomba kurudishwa Maguu, na hapo akabaki. Hakuolewa, na aliyemuuliza kwa nini alipewa hesabu ya sehemu aitafutie jibu kwanza. Darasani aliendesha mambo kama alivyolelewa: mtoto akimaliza zoezi, anahamia kwa mwenzake. Darasa lake lilikuwa na kelele kama ya kuku, lakini halikuwa na mtoto aliyeachwa.

Tadea alikuwa binti wa mjane aitwaye Lidia, mwenye miche michache ya kahawa nyuma ya nyumba. Alisoma kila kitu, hata vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi. Siku moja Walburga alikuwa akifundisha desimali, akaandika ubaoni moja kugawa kwa tatu, zile tatu zikafuatana. Tadea akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hizo tatu zinaisha lini?"

"Haziishi."

"Sasa zinakwenda wapi?"

Walburga alifuta ubao polepole ili apate muda wa kufikiri, na hakupata jibu. Tangu siku hiyo alijua amepewa dhamana.

Ndipo redio ikatangaza habari ya Mradi wa Chipukizi. Wafadhili wametoa fedha, na likizo ya Juni watoto wenye vipaji kutoka kata zote, za milimani na za ziwani, watakusanywa kwenye kituo kipya nje ya mji wa Mbinga. Watafundishwa hisabati, sayansi na Kiingereza, wataona hadubini, wataigusa hata kompyuta. Tena watakaofanya vizuri mradi utawalipia sekondari mpaka kidato cha nne. Hapo ndipo penyewe. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache, kata nzima iligombania vidole vya mkono mmoja. Shule za kulipia zilikuwa zinaota kila mahali kama uyoga, lakini ada zake Lidia angeuza kahawa, nyumba na yeye mwenyewe zisitimie. Kwa Tadea mlango ulikuwa ni huo mmoja tu.

Walburga alimfundisha kila jioni tangu Januari, wakichambua maharage huku wakibishana hesabu. Mtoto akafanya mtihani wa mchujo wilayani, akachaguliwa. Lidia alimfungia mkeka, sweta na mahindi ya kuchoma, na wanawake wa kitongoji wakamsindikiza mpaka barabarani kwa vigelegele.

Na sasa huyu hapa, amerudi.

"Umeugua?" Walburga aliuliza.

Tadea alitikisa kichwa.

"Nini sasa?"

"Wamesema nimeibia mtihani."

Walburga aliweka chini kikapu chake cha kahawa. "Uliibia?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshamaliza."

Akasimulia. Siku ya pili walipewa mtihani wa kuwapima. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala mpaka madirishani, baridi ile ya Juni ambayo hata sisi wa milimani tunaiheshimu. Jirani yake alikuwa Hasna, binti wa mzee Ilyasi mwenye duka kule Kihagara. Hasna hakuwahi kuona baridi ya namna ile maishani mwake. Vidole vilikufa ganzi, penseli ikawa inamponyoka. Tadea alivua sweta lake mwenyewe akampa, akarudi kwenye karatasi yake. Alipomaliza akainua macho, akaona mwenzake yuko nyuma. Akanyanyuka, akaenda akaketi naye benchi moja, akaanzia swali la mwisho akirudi juu. Walikutana katikati ya karatasi.

Msimamizi alikuwa nje anaota moto. Aliporudi, Tadea hakushtuka wala hakuficha kitu. Alimsogelea Hasna zaidi ili msimamizi apate pa kupita.

Walimsimamisha mbele ya watoto wote. Wakamwita mwizi. Kesho yake wakampakia kwenye lori la mnunuzi wa kahawa, mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, kati ya magunia na vijana wa kupakia asiowajua hata kwa majina, bila mtu mzima wa kumsindikiza. Mbuzi wa mnadani husafiri na mwenyewe!

"Kwani nilikosea wapi, Mwalimu?" Tadea aliuliza. "Ningemwacha?"

Walburga alikiokota kikapu chake. Alitaka kusema huko mambo ni tofauti, lakini kusema hivyo ilikuwa sawa na kuwapa haki. "Nenda ukamsalimie mama yako," alisema. "Kesho mimi nakwenda Mbinga."

Mratibu wa mradi huo hakuwa mgeni, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa Edmund Ndunguru, mtoto wa Maguu, mwana wa Mama Otilia mwenye nyumba ya bati nyuma ya kanisa. Alisomeshwa na parokia, akafika chuo kikuu, akarudi na gari la mradi lenye vioo vya giza. Nyumbani alionekana Krismasi na Pasaka, akila akiwa amesimama.

Alimkuta ofisini, nyuma ya meza inayong'aa.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," Edmund alisema bila kuinuka.

Walburga alisubiri shikamoo yake kidogo, kama mtu anayesubiri chenji dukani. Haikuja. "Nzuri, Bwana Mratibu. Nimekuja kwa ajili ya Tadea."

"Yule aliyeibia."

"Aliiba nini? Alichukua kitu cha mtu akaweka kwake?"

Edmund alitabasamu, lile tabasamu la semina. "Mwalimu, mtihani ni mtihani. Wafadhili wanataka kuona kipaji cha mtu mmoja mmoja. Hatuwezi kupima kundi. Zile zama zimekwisha, sasa ni ushindani. Mtoto wako hajui kushindana."

"Alimaliza wa kwanza. Ulitaka ashindane vipi tena?"

"Angemaliza, akatulia mahali pake."

"Na mwenzake?"

"Mwenzake hamhusu. Yule wa ziwani tumempa nafasi ya kurudia. Huyu wako ndiye aliyeanzisha, utaratibu hauna njia nyingine."

"Mliwaambia? Kuna mtu aliyewaambia kwamba hapa ukimaliza unakaa?"

"Hilo kila mtu analijua."

"Kila mtu nani, Edmund?" Hapo neno la Bwana Mratibu lilimdondoka njiani na hakurudi kuliokota. "Wewe ulilijua ulipokuwa na umri wake? Machi iliyopita mama yako alikuwa na mguu umevimba, hawezi kukanyaga. Ngoro zake zilibaki nyuma ya mstari mzima. Tadea alimaliza za mama yake, akaenda kwa mama yako, akaanzia mwisho. Wewe hukuwepo. Maharage mapya uliyoletewa wiki iliyopita yametoka kwenye mashimo ya huyo mwizi. Uliyarudisha?"

Edmund aliangalia saa. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Kisha akaukunjua. "Mwalimu, tusichanganye mambo ya shamba na mambo ya kitaalamu."

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Huyu hata mtumwa hakuwa, alikuwa nyapara. Walburga alitoka asije akasema neno ambalo Padri angelisikia.

Langoni alisikia nyayo nyuma yake. Msichana mwembamba mwenye ushungi alikuwa anakimbia, sweta mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ndiye Hasna. Hili la Tadea." Akahema. "Mwambie mimi sikusema ameiba. Waliniuliza, nikasema amenimalizia tu. Wakasema ni kitu kimoja."

"Marahaba, mwanangu. Livae wewe, baridi bado haijaisha."

"Na yeye je?"

"Yeye yuko nyumbani," Walburga alisema, akamvisha sweta kwa mikono yake.

Ukafika muhula wa pili, na hapo ndipo alipoona ubaya wenyewe. Tadea alifanya hesabu zake, akapata zote. Kisha akakaa. Mikono chini ya mapaja, macho ukutani, na mwenzake wa dawati moja anahangaika na hesabu za sehemu akikaribia kulia. Walburga alimtazama akidhani ni siku moja. Ikawa kila siku. Hakunyoosha mkono tena kuuliza tatu zinakwenda wapi. Walimtoa kambini haraka, ndiyo, lakini somo lao walikuwa wamemaliza kumfundisha. Walburga alilala na uchungu huo akaamka nao. Kumnyima mtoto shule ni dhambi inayojulikana. Kumfundisha kumwacha mwenzake, na kuita hiyo elimu, sijui tuipe jina gani.

Mwaka ukageuka. Machi majani yalifyekwa, mstari ukaanza upya, shamba kwa shamba, mpaka ukafika kwa Mama Otilia. Wanawake wakasimama mpakani. Habari walikuwa nazo.

"Aje mwanawe na kompyuta yake," mmoja alisema. Wengine wakacheka kwa uchungu.

"Mama hajakosa kitu," Walburga alisema. Ilikuwa Jumamosi, naye alikuwa na jembe kama wengine. "Tulime. Ila mraba ule wa kando ya barabara, ule tuuache."

"Tuuache kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

Wakalima. Shamba lote likapata mashimo yake, isipokuwa mraba mmoja ambao majani yalibaki yamelala makavu, kila apitaye barabarani anauona. Lidia alikuwa na homa siku hiyo na alichelewa na sehemu yake, wengine wakamwahi kumsaidia. Tadea alimaliza shimo lake, akaketi kwenye mpini wa jembe. Aliketi, nakuambia! Mama yake mzazi nyuma yake anakohoa! Wanawake wakatazamana.

Mama Otilia, mguu juu ya kigoda barazani kwake, aliona pengo. "Na ule?"

Walburga akamweleza yote. Mama wa watu hakuwa amesikia hata nusu, maana mwanawe alimwambia tu kwamba watoto wa Maguu hawakufaulu. Alisugua goti lake.

"Msiuguse," alisema mwishowe. "Utamsubiri."

Pasaka Edmund alikuja, viatu vinang'aa. Baada ya misa na chakula, mama yake alimpa jembe. Alicheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka. Watu wa misa ya pili walikuwa wanatoka kanisani, barabara imejaa kanga na suti, wote wakapunguza mwendo kama waliopangana. Ikabidi mheshimiwa avue koti.

Alichimba kama mtu anayezika paka. Udongo aliutupa popote ulipoangukia, majani yakabaki yamechungulia nje, tuta la chini likawa legelege. Watoto walijikunja kwa vicheko. Tadea alikuwa miongoni mwao, naye hakucheka. Walburga aliuona mguu wake ukipiga hatua moja kuelekea shambani, akamkamata bega.

"Mwache," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka shimoni. "Huko kwao wanataka kipaji cha mtu mmoja mmoja."

Barabara nzima iliangua kicheko. Edmund aliinuka jasho linamtiririka, akasema ana safari, akaegemeza jembe ukutani na kazi haijafika nusu. Gari likaondoka na vumbi. Walburga alirudi nyumbani ameshiba kabisa, kushiba kwa mtu aliyelipiza.

Mvua kubwa ilinyesha siku iliyofuata. Jumanne shule zilipofunguliwa, Walburga alikuwa zamu, amesimama mlangoni na fimbo yake ya wachelewaji. Tadea alikuja wa mwisho, matope mpaka magotini, sare imelowa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namalizia, Mwalimu."

"Unamalizia nini?"

"Lile shimo la Mama Otilia. Tuta lilikuwa linakatika. Likikatika lile, maji yanabeba na la chini yake, na la chini yake tena, mpaka kwetu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna." Akainamisha kichwa, akanyoosha mkono apokee fimbo yake.

Walburga aliutazama ule mkono, mdogo, umepasuka, una udongo kwenye kucha. Furaha na hasira vilimpanda kwa pamoja mpaka akashindwa kuvitenganisha. Furaha kwamba hawakumharibu. Hasira kwamba mtoto kama huyu ndiye waliyempakia juu ya magunia, na aibu kidogo pia, kwa sababu juzi barabarani ni yeye, Walburga, aliyemkamata bega. Alitupa fimbo kwenye majani. "Nenda kanawe uingie. Anza na zile za ubaoni."

Jioni alipita kwa Mama Otilia. Mzee yule alikuwa ameketi mahali pale pale, anautazama mraba uliokamilika, tuta lake limenyooka kuliko mengine yote.

"Mwalimu, Jumamosi una safari ya Mbinga?"

"Sikuwa nayo. Sasa ninayo."

"Basi nifikishie salamu zangu kwa Edmund." Akamwambia neno kwa neno, akamrudisha arudie, mpaka akaridhika.

Jumamosi Walburga hakubisha hodi mara mbili. Ofisini Edmund alikuwa na mgeni, mama wa makamo mwenye miwani, mkubwa wake kutoka makao makuu, amekuja kuangalia matayarisho ya kambi ya Juni. Edmund alimwona Walburga akasimama upesi mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa imechelewa karibu mwaka mzima, lakini aliipokea. "Mama yako anakusalimu. Anasema yule mwizi wako amekuja tena. Safari hii ameiba kazi uliyoiacha, akaimaliza yote, wala hakuacha hata jani moja nje."

Mama mwenye miwani aliweka kalamu chini. "Mwizi gani huyo, Edmund?"

Edmund alifungua mdomo. Walburga alimwacha ajibu, akampa nafasi ile ambayo Tadea hakupewa. Edmund aliinama kuinua kiti kilichoanguka. Basi Walburga alivuta kiti kingine, akaketi bila kukaribishwa, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Ni mwanafunzi wangu, mama," alisema. "Anaitwa Tadea. Juni nitamleta hapa mwenyewe, lakini kwanza nitakueleza alichoiba, na huyu bwana atanisahihisha nikikosea."

Edmund hakumsahihisha mahali popote. Alisimama kando ya dirisha mikono ameitia mfukoni, kwa sababu malengelenge ya jembe yalikuwa bado hayajakauka.